Siku Haitham Alipokimbia Peke Yake

Kengeja,
Pemba.
Alhamisi, 11 Septemba 2025.

Mpendwa Da Shamima,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Hujambo, dada yangu? Shemeji Ridha hajambo? Na Samiha, kashaizoea skuli yake mpya? Joto la Muscat twalisikia kwa watu tu, twamuomba Mungu awapunguzieni. Huku sote wazima, alhamdulillahi. Mama magoti yanamsumbua kidogo, lakini hakai. Jana tu alikuwa juani anageuza karafuu.

Najua utashangaa kupata barua ya mkono zama hizi. Suhail, yule kijana wa jirani, likizo yake imekwisha na anarudi huko, nikaona nimpe akuletee. Habari hii nilijaribu kukueleza kwenye simu nikashindwa.

Karafuu mwaka huu zimeshika vizuri. Majamvi yametandikwa kandokando ya barabara yote, na kijiji kizima kinanukia.

Unajua kwamba mie hukimbia asubuhi tangu daktari aliponambia sukari yangu imeanza kupanda. Kukimbia kwenyewe ni hivyo hivyo. Bibi mwenye mzigo wa kuni kichwani hunipita, tena akanipa pole. Skuli wanafunzi wangu wameniita Mwalimu Taratibu, na wanadhani sijui. Sijali. Nakwenda na narudi, na kuwa nyuma ya watu nimeshakuzoea.

Tangu mwaka jana nakimbia na mdogo wetu Haitham. Wakumbuka hali uliyomwacha nayo ulipokuja mara ya mwisho. Presha ya macho ilikuwa imeshamaliza kazi yake, haoni hata mwanga, na kutwa yumo chumbani na redio yake. Asubuhi moja alinisikia navaa raba akasema, "Kaka, nichukue na mie." Tukachana kipande cha kanga kuukuu, yeye akashika ncha moja, mie nyengine. Tulianza kwa kutembea, mwisho tukawa tunakimbia. Mie humtajia njia: shimo hilo, ng'ombe huyo, gari inakuja. Majamvi ya karafuu simtajii, hayo huyanusa mwenyewe kabla sijafungua mdomo.

Mwezi uliopita akanijia na jambo. Kasikia redioni kuwa Unguja kutakuwa na mbio baada ya Mfunguo Mosi, Ramadhani ikishapita, naye anataka zile ndefu zenyewe, marathoni kamili. Da Shamima, hiyo ni sawa na utoke Mkoani kwa miguu, uipite Chake Chake, na bado uendelee njia ya Wete. Tena wana muda wao. Ukichelewa, gari inakuja nyuma inakupakia, barabara inafunguliwa. Nilipoutazama mwendo wangu nikaona gari hiyo ni yangu mie, na yeye atapakiwa kwa sababu yangu.

Nikamwambia tumtafute mtu mwepesi wa kumwongoza. Akakataa. Mama naye akayakataa yote, mbio na muongozaji. Hakugomba. Alisema kwa sauti ya chini, huku anachambua makonyo ya karafuu, "Mwanangu Mungu kamtwaa macho, nimeshukuru. Miguu naomba abaki nayo."

Baada ya maneno hayo nani angebisha? Mie sikubisha. Hofu yake na hofu yangu zilikuwa moja.

Sasa sikiliza yaliyotokea Jumapili. Ilikuwa bamvua, na maji yalikuwa yametoka mbali mno, pwani yote imegeuka uwanja. Mama alikuwa huko na Bi Asya na wenzao kwenye mwani. Nikamchukua Haitham tukakimbie mchangani, tuipumzishe miguu na lami.

Tulipofika katikati akasimama.

"Kaka, mbele kuna nini?"

"Mchanga."

"Na kushoto?"

"Mchanga tu. Maji yako mbali."

"Kulia je?"

"Hakuna kitu, Haitham. Hakuna mti, hakuna jiwe. Vijiti vya kufungia mwani viko kule mbali kabisa."

Akavuta pumzi. "Basi niachie."

Nikaachia.

Hatua za mwanzo alipapasa, mikono kaitanguliza mbele kama mtu aliyeingia chumba asichokijua. Kisha mikono ikashuka. Kisha akakimbia. Dada yangu, sijui nikwambie vipi. Kichwa kakiinua, kifua kakitoa, mchanga wa majimaji unaruka nyuma ya visigino vyake, na jua limemuangaza mwili mzima. Nilimfuata hatua chache akaniacha papo hapo. Nikasimama. Midomo yangu ilikuwa inasema Subhanallah, Subhanallah. Miaka yote ile chumbani, mbio zile zilikuwa zimekaa wapi?

Halafu nikaona anapinda. Kidogo kidogo, bila kujua, alikuwa anaelekea kwenye vijiti vya mwani. Nikapiga kelele, lakini upepo ulikuwa unanirudishia mwenyewe. Wale wanawake wakainuka wote. Mama akainuka. Nilidhani atampigia ukelele asimame.

Mama aliacha mwani wake, akajitenga kando hadi kwenye mchanga mtupu, akaweka mikono mdomoni. "Haitham! Huku, mwanangu! Ifuate sauti yangu! Njoo, njoo!"

Haitham akageuka. Hakupunguza mwendo, bali aliongeza. Mama akawa anaita bila kunyamaza, na yeye anakuja moja kwa moja, mpaka akamvaa kifuani, wakaanguka wote wawili kwenye maji ya kifundoni. Nilipofika mie nikihema, walikuwa wameshainuka, nguo zimelowa chapa, wanacheka na kulia pamoja. Bi Asya anasoma dua kwa sauti.

Nikamwambia Haitham, "Umejisikia mwenyewe? Wewe si mtu wa kukimbia na mie. Acha nikutafutie mwepesi mwenzako."

Haitham akaukamata mkono wangu. "Kaka, nikitaka mbio nitakuja huku pwani. Huko Unguja nataka kufika, na nifike na wewe."

Mama alikuwa anakamua kanga yake. Tukarudi nyumbani. Tulipokaa kula ndipo Mama alipouliza, kama anayeuliza habari ya chumvi, "Ramadhani mtafanyaje hayo mazoezi?"

Nikajua ruhusa imetoka.

Basi nimeamua, Da Shamima. Tumeanza Jumatatu. Tutakwenda polepole na kuongeza kidogo kidogo, na Ramadhani tutakimbia jioni, karibu na kufuturu. Gari ikitupakia, itupakie sote. Hofu bado ninayo, lakini nikikumbuka nilichokiona mchangani, naiona ndogo mbele yake. Tuombee dua, hasa huyu wa nyuma.

Leo alfajiri, baada ya sala, tulimkuta Mama keshasimama kibarazani anatungoja. Nikadhani ataniusia mie nimtazame mdogo wangu. Akamshika Haitham begani akamwambia, "Taratibu, baba. Usimwache kakaako nyuma."

Nisalimie sana Shemeji Ridha, na Samiha umbusu kwa niaba yangu. Bi Asya anakusalimu, na Mama na Haitham wanakusalimu kwa mapenzi mengi. Mungu akulindeni ugenini, akuzidishieni afya na riziki, na atukutanishe sote kwa heri.

Ni mimi nduguyo akupendaye siku zote,

Hafidh