Shemeji Kamfungia Mtoto wa Farasi Stoo

Jamani, huyu mume wa dada ni mjinga mwenye cheti!

Asubuhi kamfungia stoo yule mtoto wa farasi wa marehemu baba, eti aache kunyonya. Giza totoro! Mama yake analia zizini, mtoto anapiga mlango mateke mpaka mguu unatoka damu.

Nikamwambia, "Baba alikuwa anawatenga kwa uzio tu, waonane."

Akacheka. "Shemeji, mnyama hana msiba. Atazoea."

Hana msiba! Ananiambia mimi, wiki ya tatu tangu tumzike baba!

Nikafungua stoo, nikamweka mtoto upande wa pili wa uzio. Wakanusana puani, wakatulia tuli.

Bwana mkubwa akatokea na kikombe chake: "Umeona? Si nilikwambia atazoea?"