Aliyelinganisha Mapezi

Hai Malakal, Juba
10 Machi 2024

Eedo Barni mpendwa,

Asalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta u mzima, shangazi yangu, na kile kikohozi kimekuacha. Sisi hapa hatujambo. Aabo wangu, kaka yako, ni mzima, ila joto la mwezi huu limemfanya mkali na wateja, na kesho kutwa tukianza kufunga sijui itakuwaje. Uliniambia nikuandikie kwa Kiswahili nisije nikakisahau, maana nyumbani ni Kisomali, shuleni Kiingereza, na sokoni Kiarabu cha Juba. Basi naandika, na herufi nazifanya kubwa kama ulivyoomba.

Bahasha ya picha imefika salama pamoja na sukari. Dereva wetu Robinson anasema pale Nimule askari wa mpakani aliifungua, akatazama picha zote, akamuuliza, "Bwana, samaki wenyewe wako wapi? Hapa naona migongo tu." Robinson akamjibu kwamba vichwa vimebaki Mombasa, vinalipiwa ushuru huko. Aabo alicheka mpaka akakaa chini. Sasa kila nikitoa picha anasema samaki wangu wamefika. Nimemwambia pomboo si samaki, wanapumua hewa na kunyonyesha kama sisi. Akasema basi wasome wao shule.

Nimeelewa kazi. Kila picha ni pezi la mgongoni la pomboo mmoja. Natazama mapengo na makovu ya ukingo wa nyuma, natafuta pezi linalofanana katika kitabu chenu cha pomboo ishirini na watatu wa ghuba ya Gazi, kisha naweka alama na namba kwenye fomu. Mzee Lubega, fundi saa wa hapa sokoni, ameniazima kile kioo anachobana jichoni. Nafanya kazi mchana, baada ya shule, mlangoni penye mwanga.

Huyu namba tisa nampenda. Pezi lake lina mapengo mawili, la juu dogo, la chini kama mtu ameuma mkate.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako,
Fowsiya


Gazi
14 Aprili 2024

Fowsiya wangu,

Waaleikum salaam. Eid njema, ingawa barua itachelewa. Mimi sijambo, kikohozi kimepona, macho tu yanachoka ikifika jioni. Baba yako msalimie, umwambie apunguze ukali.

Kazi yako ni safi. Nimepeleka fomu ofisini na Dk. Cyrus, mkuu wa mradi, hakurudisha hata moja. Endelea hivyo hivyo. Ila jambo moja: pale chini pameandikwa "Aliyelinganisha". Paache wazi, nitajaza mwenyewe. Ni utaratibu wa ofisi tu.

Kuhusu lile ulilonong'ona kwenye simu ya baba yako siku ile, kwamba ukimaliza darasa la nane atakuweka dukani: usilie. Hapa kuna shule ya bweni ya wasichana, na mradi wetu husomesha msichana mmoja kila mwaka, yule ambaye Dk. Cyrus amemwandikia barua. Mwaka huu ukimalizika vizuri, nitamwomba akuandikie wewe.

Eedo yako,
Barni


Hai Malakal, Juba
2 Juni 2024

Eedo Barni mpendwa,

Asalaam aleikum. U hali gani, na macho yako? Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Mvua zimeanza, na barabara ya kwenda Munuki imekuwa matope matupu, boda zinaanguka kama watoto wanaojifunza kutembea.

Barua yako nimeisoma mara nyingi hata sitasema ngapi. Nilimsomea Aabo kipande cha shule. Alipanga sabuni kwanza, akasema, "Huyo daktari akiandika barua kwa mkono wake, utakwenda. Asipoandika, kufikia Desemba unashika funguo za duka." Kwa Aabo hilo ni jambo kubwa. Nilimbusu mkono.

Sasa nina jambo la kukuambia, na naogopa kidogo. Namba tisa amepigwa picha ubavu wa kushoto tu. Namba ishirini na mbili amepigwa ubavu wa kulia tu. Juzi picha ya tisa ilikuwa mkononi mwangu mlangoni na jua likapita kwenye karatasi. Nikaigeuza. Ukiitazama karatasi kwa nyuma, pezi linageuka upande, na pale pale nikaona ishirini na mbili: pengo dogo juu, pengo la mkate chini. Pengo likikatwa ukingoni huonekana pande zote mbili, sivyo? Nadhani hawa si wawili, Eedo. Ni mmoja aliyehesabiwa mara mbili kwa sababu mashua ilimpita upande tofauti.

Nimewageuza wote kwenye jua, siku tatu. Wengine walionifanyia hivyo ni jozi tatu zaidi. Nimeandika namba zao nyuma ya barua hii. Kama sijakosea, ghuba ina pomboo kumi na tisa. Nilipopiga mstari juu ya namba ya mwisho nilihisi kama nimeua.

Nisamehe kama ni utoto.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako,
Fowsiya


Gazi
9 Julai 2024

Fowsiya wangu,

Waaleikum salaam. Mimi mzima. Natumai nanyi hali kadhalika, na matope yamepungua.

Hujakosea. Nilimpelekea Dk. Cyrus zile jozi nne, naye akatoa picha za kompyuta, akakuta siku moja ya mwezi wa tano ambapo tisa aligeuka mbele ya mashua, akaonyesha kushoto na kulia katika picha zinazofuatana. Ni yeye yule. Daktari aliwaita wote, hata Ezbon nahodha wa mashua, akasema mbele yao, "Miaka mitatu tumetazama, na Barni peke yake ndiye ameona." Walinipigia makofi.

Hili ni zito kuliko unavyofikiri. Mwezi wa kwanza kuna mkutano wa kuamua kuhusu nyavu za kutega kwenye mdomo wa ghuba. Pomboo wakubwa wakiwa chini ya ishirini, nyavu zinaondolewa. Wakizidi, zinabaki. Kwa hiyo nakutumia fungu kubwa zaidi, fomu thelathini na sita. Fanya polepole.

Usiogope kuhusu shule. Nalifikiria.

Eedo yako,
Barni


Hai Malakal, Juba
1 Septemba 2024

Eedo Barni mpendwa,

Asalaam aleikum, na mimi nakuulizia afya yako kwanza kabla ya yote. Sisi tu wazima. Aabo alipata malaria wiki mbili, sasa ameinuka na anagombana na bei kama zamani.

Nimefurahi walivyokupigia makofi. Kweli, nilifurahi. Nilisoma mahali pale kwa sauti, kisha nikawaza kama Dk. Cyrus anajua kwamba na mimi nipo. Najua umemwambia. Ni moyo tu, unauliza hata kile unachokijua.

Nilimweleza mwalimu wangu Janepher habari za mapezi, akaniweka mbele ya darasa nieleze. Aluel, ambaye hukaa nami, aliuliza kama nimewahi kumwona pomboo hata mmoja. Nikasema hapana, wala bahari sijaiona. Darasa lilicheka, Aluel akasema mimi ni kama mtu anayejua visigino vya watu wa mji ambao hajaukanyaga. Mwalimu hakucheka. Alisema kazi isiyo na jina la mwenyewe haina wa kuulizwa ikiwa na kosa, na kwamba aliyefanya lazima akubali kuulizwa. Nimelifikiria sana neno lake.

Fomu thelathini na sita zimo ndani ya bahasha. Nimezikagua mara mbili, na nimejaza kila mahali palipotakiwa kujazwa. Kumi na tisa ni kumi na tisa, Eedo. Na namba tisa ana mtoto! Katika picha tatu kuna pezi dogo laini pembeni yake, halina alama hata moja bado.

Aabo anauliza barua itakuja lini.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako,
Fowsiya


Hai Malakal, Juba
20 Oktoba 2024

Eedo mpendwa,

Asalaam aleikum. Sisi hatujambo. Robinson amerudi mara mbili bila bahasha. Anasema fomu alizipeleka mwenyewe mpaka ofisini, akampa mtu wa mlangoni, kwa kuwa hukuwapo siku hiyo.

Natumai si ugonjwa. Nijulishe tu kama u mzima.

Fowsiya


Gazi
11 Novemba 2024

Fowsiya,

Mimi si mgonjwa.

Fomu zako zilifika mezani kwa Dk. Cyrus kabla sijazigusa. Mara thelathini na sita, chini ya karatasi, kwa kalamu ya wino na mwandiko mzuri: Fowsiya Shueb, darasa la nane, Hai Malakal, Juba. Aliniita. Hakupiga kelele. Alinipa fomu moja akaniambia, "Nisomee mstari wa chini." Sikuweza, akanisomea mwenyewe. Miaka miwili sasa siwezi kusoma maandishi yale wala kuona pengo kwenye pezi. Picha kwangu ni moshi. Niliposema miwani yangu imevunjika, Ezbon aliguna, na wale waliopiga makofi wakatazama sakafu.

Ameziweka fomu zote za mwaka huu kando. Anasema kazi iliyofanywa na mtoto asiyejulikana, katika mji usio na bahari, hawezi kuisimamisha mbele ya mkutano. Hata jozi zako nne, ambazo aliziona kwa macho yake, anasema zimechafuka, watu wa nyavu watazicheka. Hesabu inarudi ishirini na watatu. Nyavu zitabaki. Mimi nimeambiwa nisije kazini hadi aamue.

Ulitaka kujua kuhusu shule. Nitakujibu mara moja ili usiulize tena. Sikumwomba. Mwezi wa nne sikumwomba, wa saba sikumwomba. Ningemwambiaje nina mpwa mwenye macho kama yale, naye anaamini macho yale ni yangu? Kila ulipofanya vizuri zaidi ndipo ilipozidi kuwa haiwezekani. Hilo ungeliona mwenyewe. Uliona mapengo ya pomboo kwenye karatasi, hukuliona hili.

Iko njia moja. Fomu zina alama na namba tu, hakuna anayejua ni mkono wa nani. Utaandika taarifa, utie sahihi, kwamba nilikuja Juba likizo na fomu tayari nimezimaliza, na wewe ukaandika jina lako kwa kucheza, nami nikazisahau kwenu hadi Robinson alipozileta. Daktari amesema akipata maneno hayo kwa maandishi, fomu zitasimama, kumi na tisa itasimama, na mimi nitarudi. Nadhani anataka kuamini. Yeye pia alijisifu kwa watu.

Ukiandika, ujue hatakupokea hapa kamwe, mwaka huu wala mwingine. Mtoto aliyechezea fomu za utafiti hasahauliki. Nakuambia mapema usije ukasema nilikudanganya.

Baba yako nimempigia. Amekubali.

Barni


Hai Malakal, Juba
6 Desemba 2024

Eedo Barni mpendwa,

Asalaam aleikum. Natumai u mzima. Sisi hatujambo. Mtihani wa darasa la nane nimeumaliza jana, na ulikuwa mzuri.

Barua yako niliisoma peke yangu, kisha nikampa Aabo. Nilimwambia kwamba mkitaka niseme uongo, angalau niseme baada ya kufikiri siku moja. Akaniuliza nafikiri nini. Nikasema nisipoandika, daktari siku moja anaweza kujua kwamba kweli ni mimi, akaniita. Akasema, "Na shangazi yako ale nini mpaka siku hiyo?" Kisha, kwa upole, na upole huo ndio ulioniuma, "Jina lako hakuna atakayelichukua, binti yangu. Utaliandika hapa kwenye mifuko ya unga, uandike upendavyo." Robinson alikuwa anapakua. Alisimama na gunia begani, hakutania.

Siku yangu moja niliifikiria hivi. Nikikataa, naweza kubaki na jina langu, na pomboo wanabaki ishirini na watatu, wanne kati yao hawapo duniani, na nyavu zinabaki mdomoni mwa ghuba na yule mtoto wa namba tisa bado hajajua kuzikwepa. Nikiandika, hesabu inakuwa ya kweli. Sikupata njia ya tatu. Niliitafuta sana, Eedo.

Sikuandika jina ili nikuumize. Nilidhani atalisoma na atauliza, "Huyu ni nani?" na wewe utafurahi kujibu.

Picha zote nimezirudisha kwenye bahasha hii, na kioo nimemrudishia Mzee Lubega. Kuna wengine wawili ambao sina hakika nao, namba nne na kumi na saba. Sikuwahi kumaliza kuwalinganisha. Tafadhali mtafute mtu mwenye macho awatazame kwenye jua la asubuhi. Na tafadhali upelekwe hospitali ya macho. Aluel anasema bibi yake alitibiwa akaona tena.

Taarifa iko ukurasa wa pili. Nimeinakili mara tatu isiwe na kosa.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako,
Fowsiya


TAARIFA
Kwa Dk. Cyrus

Mimi, Fowsiya Shueb, mwenye umri wa miaka kumi na minne, wa Hai Malakal, Juba, nathibitisha kwamba shangazi yangu Barni alitutembelea likizoni akiwa na fomu thelathini na sita alizokwisha kuzijaza. Niliziona mezani nikaandika jina langu chini ya kila moja kwa mchezo wa kitoto, bila ruhusa na bila yeye kujua, naye akazisahau kwetu hadi dereva wetu alipozileta. Naomba radhi kwa usumbufu.

Kazi yote ni yake. Picha zilikuwa ndani ya bahasha na sikuzitoa. Sijawahi kumwona pomboo, na siwezi kutofautisha pezi moja na jingine.

Fowsiya Shueb
6 Desemba 2024