Ubeti wa Jina

Dodoma, mwezi 12 Mfunguo Tatu,
mwaka wa tatu tangu reli ifike.

Kwa dada yangu Sikudhani, Kondoa.

Shikamoo dada. Salamu hizi zikukute umeketi vizuri, umekula ukashiba, na lile goti limeacha kukusumbua. Sisi tu wazima, ila upepo wa Ugogo hautupi nafasi. Tunakula ugali nusu, mchanga nusu. Cherehani yangu inaendelea kunilisha, na tangu gari moshi lije kanzu hazikosi wateja.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa wachuuzi wa asali, kama nilivyoipata ile ya kwanza yenye shairi lako. Umeniuliza kama limesomwa dukani kwa Nikodemo, na kama limeingia katika buku lake. Umesema mwanao Msafiri alizikwa njiani na wapagazi wawili, hukuweka hata jiwe, mvua ikaja ikafuta kila kitu. Huna kaburi la kuzuru, hakuna aliyemsomea hitima, basi angalau jina lake likae mahali. Nimeyasoma hayo mara nyingi, dada. Nitakujibu, lakini niache nianzie mbali kidogo.

Duka la Nikodemo liko karibu na stesheni. Yeye ni mtu wa misheni, alifundishwa huko kujalidi vitabu, na sasa anauza daftari, wino, Injili, misahafu, hata magazeti ya pwani ambayo yamekwisha kusomwa na watu kumi. Kila Alhamisi baada ya alasiri hutandika mikeka mbele ya duka, nasi watungaji tukakaa, Waislamu kwa Wakristo, mpaka jua lizame. Kila mtu hughani shairi lake, na ubeti wa mwisho hutaja jina lake na kwao. Likiwapendeza watu, Nikodemo hulinakili katika buku kubwa la jalada la ngozi. Lisipowapendeza, basi, upepo huo hapo.

Mimi ni miaka miwili nasoma, na buku lile halijui jina langu. Wee! Wamenicheka, dada. Yuko Mgogo mmoja, Methusela, bingwa wa zeze, mwenye ulimi kama sindano. Aliwahi kusema mashairi yangu yanalia kama cherehani yangu, lakini nguo yenyewe haionekani. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nilicheka nao, lakini usiku ule sikula.

Basi Alhamisi ya kwanza baada ya kulipata, nikasimama na shairi lako. Nilipofika hapa,

Mgongoni nilimweka, mwanangu akiwa moto,
Hata kabla ya kufika, kapoa wangu mtoto,

wale wa mikeka ya nyuma walisogea mbele. Methusela aliweka zeze chini. Nikodemo alivua miwani akaifuta kwa kanzu. Nilipomaliza, walinishika mkono mmoja mmoja, na buku likafunguliwa palepale. Nikodemo akasema hajapata kusikia mapenzi kama hayo, mwanamume kumbeba mtoto mgongoni kama mama.

Umekwisha kuelewa, najua. Wewe ni mwepesi wa kuelewa tangu utoto wetu. Ubeti wako wa mwisho ulisema, Tamati jina natoa, Sikudhani wa Kondoa. Mimi nilighani, Tamati jina natoa, ni Hasani wa Kondoa. Mizani ikatimia, hakuna aliyeshtuka. Sikupanga, dada, wallahi. Nilipowaona wote wamenikodolea macho, wale walionicheka, ulimi ukateleza wenyewe, nami sikuurudisha.

Nilidhani mambo yataishia hapo. Nilisahau kwamba watu hawa hawasikii msiba wakakaa kwao. Asubuhi yake, jua halijapanda, Methusela alifika mlangoni kwangu na debe la uwele na kuku wawili, nyuma yake mkewe Raheli na wanawake wa mtaa mzima. Wakaingia kwa mke wangu Kuluthumu wakilia, pole mama, pole mama, tumekaa nawe siku zote hukutuambia kama ulizika.

Dada, wifi yako ana miaka sita katika nyumba yangu na hajapata kushika mimba. Unajua alivyohangaika. Aliniangalia juu ya vichwa vya wale wanawake, nami nikaangalia chini. Angeweza kuniumbua palepale. Hakuniumbua. Alijifunika kanga akalia, na kilio kile hakikuwa cha uongo, alikuwa nacho siku nyingi. Walipoondoka hakuniuliza chochote. Alipika, akaniwekea, akaenda kulala. Ingekuwa heri angenitukana.

Na bado. Mwalimu wa chuo cha Kurani naye akaleta habari kwamba mtoto huyo lazima asomewe hitima, na kwamba watungaji wenyewe wataigharimia. Jumapili alasiri ua wangu ulijaa. Wakristo walikuja kutoka ibadani moja kwa moja, wakakaa kimya kwa adabu nyuma ya wasomaji. Juzuu zikagawanywa, zikasomwa, ubani ukafukizwa. Mimi mfiwa nimeketi mbele, jasho linanitiririka.

Ilipofika dua, Mwalimu alinigeukia. Yeye humtaja maiti kwa jina la mama yake, ndivyo alivyofundishwa. Akaniuliza, marehemu ni Msafiri mwana wa nani? Nyuma ya pazia walikuwako wanawake, Kuluthumu akiwa katikati yao. Nilitakiwa kutamka jina lake, dada, nimwombee mtoto wako kwa jina la mama ambaye si wake, na mbele ya mke ambaye hajaitwa mama na mtu yeyote. Ulimi uliokuwa mwepesi dukani ukawa mzito kama jiwe la kusagia.

Nikasema, Msafiri mwana wa Sikudhani. Dada yangu. Mtoto ni wake, na shairi ni lake, mimi ni mwizi.

Hapakuwa na aliyecheka. Heri wangecheka. Mwalimu akainua mikono, akaomba kwa jina hilohilo, Msafiri mwana wa Sikudhani, na ua mzima ukaitikia amina. Nilisikia na sauti ya Kuluthumu.

Kwa hiyo jibu lako ni hili. Shairi lako limesomwa. Nikodemo amelifuta jina langu kwa wembe, karatasi ikabaki na kovu, na juu ya kovu hilo ameandika Sikudhani wa Kondoa. Na mwanao amesomewa hitima, dada, na watu arubaini ambao hawakumjua, hakikubaki hata chembe cha wali. Methusela anasema njoo wakuone. Mimi nimeambiwa nisighani mpaka wewe mwenyewe utakaponiruhusu. Usinihurumie upesi.

Wifi yako anakusalimu sana. Jana alinena nami kwa mara ya kwanza tangu yatokee haya, akaniuliza Msafiri alikuwa anafanana na nani. Nimemwambia alikuwa na macho yako. Anaomba, ukija, umsimulie mengine.

Nisalimie majirani na wote waniulizao.

Ni mimi mdogo wako, msomaji wa shairi lako,
Hasani.