Nimemkana Mjukuu Mbele ya Mtu wa Timu

Shoga, uko wapi? Nimefagia ua mara tatu, situlii!

Amekuja mwanamume na faili, anauliza, "Bibi, yule kijana anayepiga mpira kwa mguu wa kushoto anakaa hapa?"

Nikajua ni mambo ya vioo vya madirisha ya watu tena. Wiki hii mjukuu wangu keshavunja viwili kwa mpira wake. Nikajibu, "Huyo? Mpira haujui! Goti bovu tangu kuzaliwa."

Akaandika. Shoga, AKAANDIKA!

Kumbe ni mtafuta vipaji wa timu kubwa! Jumapili alimwona akifunga manne, amefuata saini ya mlezi.

Nikaapa nimetania. Akasema, "Kesho asaini mtu mkweli wa nyumba hii, la sivyo namchukua mwingine."

Mtu mkweli! Na babu yake unavyomjua, humu ndani tutamtoa wapi?