Jina la Mto Halikusomwa

Mlangoni mwa Mto, Ziwa Huroni
Mwezi wa majani kuanguka

Kwa kaka yangu mpenzi Bimose,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeshiba, na kile kikohozi cha huko mjini kimekuacha. Sisi hatujambo. Magoti yanamsumbua Bibi lakini mdomo wake haujambo kabisa. Anauliza kama hao walimu wako wanakupa samaki au mikate mikavu tu. Usiucheke mwandiko wangu. Unajua mimi huandika herufi moja moja zilizosimama, kama za kile kitabu cha misheni.

Kaka, nina habari kubwa. Nusura tuupoteze mto, na ni mimi niliyewazuia.

Unakumbuka mwaka jana afisa wa Mfalme alipokuja kuomba ardhi yote ya kusini, wazee wakakubali kwa sharti moja: mlango wa mto, pamoja na miti yetu ya utomvu wa sukari na makaburi, usiguswe. Basi juzi wamerudi na mkataba ulioandikwa, ili wakuu wachore alama za koo zao. Watu walijaa. Wanaume walikaa mbele, sisi wanawake nyuma yao, na Bibi alijipenyeza kwa viwiko hadi nikaona haya.

Karani alisoma kwa Kiingereza, na Tusan mkalimani akawa anatueleza kwa lugha yetu. Kuhusu mto, Tusan alieleza vizuri kabisa kwamba unabaki wetu, wazee wakaitikia. Baba Mdogo Nigig akamtania kwamba leo amesema kweli tupu, bila shaka anaumwa. Watu wakacheka, na Baba akapewa kalamu achore kambare, alama ya ukoo wetu.

Hapo nikasimama, Kaka, mbele ya wakuu wote. Nikasema karatasi hiyo haina mto wetu. Mzee mmoja wa ukoo wa korongo akauliza tangu lini wasichana wanakatiza baraza, na Bibi akamjibu kwamba tangu wazee walipoanza kusinzia barazani. Afisa akamuuliza Tusan ninasema nini, kisha akaniita mezani nimwonyeshe. Nikaweka kidole kwenye mstari wa tano, nikasema mto ulipaswa kuwa hapa, na haupo.

Karani akawa mwekundu shingo nzima. Afisa akaichukua karatasi akaisoma mwenyewe mara mbili, kisha akakiri kwamba kweli mto umesahauliwa. Tusan aliapa kwamba yeye alisema yale yaliyokubaliwa mwaka jana, hakumfuata karani neno kwa neno. Baba Mdogo akamwambia, "Kumbe hujambo, ndugu yangu, na mimi nimekuonea huruma bure."

Wataandika mkataba upya na kurudi baada ya siku kumi na mbili. Baba alirudisha kalamu, akatangaza kwamba hachori kitu mpaka binti yake aisome karatasi yote. Nilivimba kichwa, sikufichi. Tangu siku hiyo tunaletewa nyama ya kulungu mpaka Bibi analalamika, na yule mzee wa korongo ameniletea wajukuu zake wawili niwafundishe kusoma.

Sasa nikuambie ukweli. Sikusoma kitu. Mwandiko wa makarani umeshikana wote, haufanani na wa kitabu chetu. Kwangu ni uzi uliokorogeka. Nilichofanya ni kusikiliza. Karani alipofika kwenye majina ya mahali petu, vilima na miamba, alijikwaa kila mara, maana majina hayo hayana Kiingereza. Jina la mto wetu ndilo refu kuliko yote. Nikangoja ajikwae nalo, naye hakulitaja kabisa. Kidole nilikiweka popote.

Lakini safari hii kusikiliza hakutatosha. Wanaweza kulitaja jina la mto na kutuachia kipande kidogo tu, nami nitatikisa kichwa kwa kukubali, na Baba atachora kambare kwa kuniamini mimi. Naogopa, Kaka.

Baba yuko kando yangu anashona wavu. Hapa nilipofika ameniomba nimsomee nilichoandika. Nimemsomea mpaka kwenye nyama ya kulungu, kisha nikauruka ukweli nikamalizia na salamu. Akaitikia na kutabasamu, vilevile kama alivyomwitikia Tusan. Aibu iliyonishika siwezi kukueleza. Nimerudi nyuma nikamsomea yote, hadi kidole.

Ameuacha wavu magotini. Halafu ameuliza zimebaki siku ngapi. Nimesema kumi. Ameniambia niandike hivi, kwa maneno yake: "Bimose, mdogo wako amewakamata Waingereza akiwa kipofu. Njoo umpe macho."

Barua hii anakuletea Baba Mdogo Nigig mwenyewe, na kutoka huko hadi hapa ni siku tatu kwa mtumbwi. Atakuambia amechoka, usimsikilize. Wasalimie walimu wako, waambie utarudi. Bibi anakusalimu, Baba anakusalimu. Mtumbwi una makasia mawili, na moja ni lako.

Ni mimi mdogo wako,
Nodinokwe