Dawa ya Kusafisha Injini ya Mjomba

4 Machi

Mjomba,

Kabla sijakuamkia, pokea habari: duniani kuna fundi mmoja tu wa injini, na sasa hivi kalala kwenye kitanda chako, miguu imezidi. Haya, shikamoo. Mgodini mnaendeleaje? Kifua kimepoa? Huku wazima, na Bibi, mama yako na mke wangu wa utani, anakusalimia. Namwendesha hospitali Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kusafishwa damu kwa mashine, figo zimechoka. Saa moja kamili tuko mlangoni.

Sasa sikiliza. Hili gari lako limetembea kilomita laki nne na ushee, linakunywa oili kuliko ulivyokuwa ukinywa wewe kabla hujaoa, na majirani wakiona moshi wake wa bluu wanaanua nguo. Nikamwangalia Bibi anavyotoka kwenye ile mashine, uso umechangamka. Nikajiambia, kama damu husafishwa, oili je? Nikanunua chupa ya dawa ya kusafisha injini, nikamimina yote. Leo siku ya nne natembea nayo. Injini imenyamaza kama bi harusi! Darasa la saba sikumaliza, lakini njoo uone kichwa.

Mpwa wako

12 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Kifua hakijapoa, vumbi ni lilelile. Nimetoka zamu sasa hivi, kwa hiyo nitaandika kidogo.

Mpumbavu wewe. Nakupenda, lakini mpumbavu. Dawa ile ukishaiweka, injini inaunguruma dakika kumi gari limesimama, kisha oili yote inamwagwa. Gari haliendi nayo safari. Tena injini iliyochoka hivyo mimi sikuwahi kuisafisha. Ule utope mweusi wa miaka yote ukilegea kwa pamoja, unashuka chini na kuziba njia ya pampu, oili haipandi tena. Niliongeza nusu lita ya oili nzito kila Jumamosi, basi. Moshi haujaua mtu. Waache waanue nguo zao.

Mwaga oili leo. Weka mpya, na chujio jipya. Usimpandishe mama kabla hujafanya hivyo. Sina gari lingine, na yeye bila ile mashine hana wiki mbili.

Mjomba wako

16 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Barua imefika, na matusi yake nimeyapokea, asante. Usijipe presha, mzee. Nitabadilisha Jumamosi. Gari linateleza tu. Bibi hajambo. Nina haraka.

Mpwa wako

6 Aprili

Mpwa wangu,

Wiki tatu kimya. Sikuulizi gari. Mama yu hali gani? Andika hata mstari mmoja.

Mjomba wako

14 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mama yako yuko hai, nimelitanguliza hilo. Kifua chako je?

Injini imenoki, haizunguki tena. Ilikuwa Ijumaa ileile, siku moja kabla ya Jumamosi niliyokuahidi. Ilianza kugonga, ikajifunga, tukabaki barabarani. Nilimbeba Bibi mgongoni mpaka nikapata lifti. Tulifika saa nne, mashine kapewa mwingine. Alilala palepale kwenye benchi, miguu imevimba, anahema kama mtu aliyepanda ngazi, mpaka asubuhi yake walipomwingiza. Sasa jirani anatupeleka kwa gari lake la mboga, siku anazoweza. Siku asizoweza, tunatoka alfajiri kutafuta lifti. Fundi alifungua injini kwa chini, akatoa utope wa kujaza bakuli.

Watu nimewaambia dawa ilikuwa feki. Wengine nimewaambia ni barabara. Nimechoka kuwaambia.

Ijumaa ile taa nyekundu ya oili iliwaka hatujafika hata kona ya kwanza. Ningezima, ningerudi kwa miguu kumgongea jirani, na saa moja tungekuwa mlangoni. Bibi aliiona kabla yangu. Akauliza, "We baba, hiyo nyekundu ya nini?" Nikamwambia inaonyesha gari lina afya. Akasema, "Basi vizuri," akaegemeza kichwa, akasinzia.

Mpwa wako