Kimo cha Chiriku

Kwako dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, si umesimama na mwiko mkononi kama kawaida yako, maana ni ndefu. Kifua chako kinaendeleaje? Ule ukungu wa asubuhi bado unakukohoza? Na shemeji naye, mguu umepona, au bado unamuuma kila akiliona jembe? Mimi ni mzima wa afya. Nimekonda kidogo, jua limeniunguza vizuri, na ninaota ndoto nyingi kuliko zamani.

Barua yako nimeipata. Umeandika mistari minne tu, nami nakujua, ukiandika mistari minne ujue umekasirika. Umesema shule zinafungwa mwezi ujao, na mwalimu anataka kujua kama mwanangu Chiriku aandikishwe darasa la nne hapo kwako au anakuja kwangu. Umesema nijibu ndiyo au hapana, nisikuletee hadithi. Nitajibu, dada. Ila niache kwanza nikuletee hadithi.

Huku jua halichomozi, linafunguliwa kama mlango wa tanuri. Siku niliyofika nilifungua madirisha yote saa sita mchana, nikidhani naukaribisha upepo. Mwenye nyumba wangu ni bibi mmoja mwembamba, mtaa mzima unamwita Bibi Kivuli kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akitembea upande wa jua. Alipanda ngazi na kuyafunga moja baada ya jingine, hata hodi hakupiga. Akaniuliza kama kwetu watu huwasha moto kisha wakaingia ndani yake kupunga hewa. Alinieleza kwamba huku nyumba hufungwa asubuhi, ubaridi ukiwa bado umo ndani, na hufunguliwa jua likishazama. Nilimwona kama amechanganyikiwa. Siku ya tatu, nikiwa nimelala sakafuni chini ya shuka lililoloweshwa maji, nikamwelewa.

Halafu kuna usingizi wa mchana. Mwanzoni niliwacheka watu wa hapa, nikasema ni wavivu. Saa sita ikigonga, maduka hushusha milango, mbwa huingia chini ya magari, na mtaa mzima hubaki mweupe, mtupu, kimya. Mimi mchapakazi nikajitia kutembea humo peke yangu na kapu langu, nikaanguka mbele ya duka la viatu. Nilizinduka nimemwagiwa maji, mwuza viatu ananipepea na kifuniko cha boksi huku akiwauliza wenzake mgeni huyu katoka wapi. Tangu hapo na mimi nalala. Ni usingizi wa ajabu, dada. Mwili unakuwa mzito lakini masikio yanabaki macho. Nasikia mvua ya kwetu ikipiga bati, nasikia unamwita mtu aingize kuni ndani. Nikiamka ni feni tu inayozunguka, na ukutani mstari mwembamba wa mwanga umeshasogea kutoka mlangoni hadi kwenye kabati. Huwa najilaza tena kidogo, nikitumaini mvua itarudi.

Kazi ni ile ile, kufua nguo za hospitali. Tunaanika juu ya paa, kwenye kamba nane, na ukimaliza shuka la mwisho, la kwanza limeshakauka na kukakamaa. Unakumbuka kwetu tulivyokuwa tunalikimbiza jua na kapu la nguo, likitokea nyuma ya wingu tunapiga mbio uani? Mimi nikaja na akili ile ile. Wiki ya kwanza nilipewa sare za wauguzi, za bluu, nikazitandaza katikati ya jua kutwa nzima, nikajiona nimewaweza. Zilipoanuliwa, kila sare ilikuwa imechujuka mabegani, mstari mweupe huku na huku. Msimamizi wetu, mama mmoja mnene wa miwani, hakunigombeza. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Wauguzi wakazivaa hivyo hivyo, na nasikia wagonjwa walianza kuwapigia saluti wakidhani wamepandishwa cheo. Ndipo nilipofundishwa kwamba nyeupe ndiyo hupelekwa juani. Ya rangi hugeuzwa nje ndani na kuanikwa kivulini, kwa maana jua la huku halikaushi tu, linakula.

Najua, dada, nazunguka mbuyu. Nakuona unavyoguna.

Tangu nilipoondoka, baada ya kumzika baba yake Chiriku, ni miaka mitano. Nilikuachia mtoto wa miaka minne, nikasema ni kwa mwaka mmoja tu, nikipata pa kukaa namfuata. Mwaka wa pili nikakuandikia kwamba paa linavuja. Huku, ambako mvua naisikia usingizini tu! Mwaka wa tatu nikasema chumba ni kidogo. Mwaka wa nne nikasema kazi haijatulia. Wewe ukaamini, au ukajitia hamnazo kwa kunihurumia.

Chumba kipo, dada. Kipo tangu mwaka wa pili, upande wa nyuma ambako jua halifiki mpaka jioni. Seremala wa hapa chini alinitengenezea kitanda, nikakipaka rangi ya kijani mwenyewe. Mchana huwa naingia humo, nalala sakafuni pembeni yake.

Juma lililopita Bibi Kivuli alinikuta humo. Akauliza kitanda ni cha nani, nikamwambia ni cha binti yangu. Akauliza ana kimo gani. Nikanyoosha mkono kumwonyesha, na mkono ukasimama hapa, kwenye nyonga yangu. Bibi akautazama. Akaniuliza mara ya mwisho nilimwona lini, nikamwambia. Alikaa kwenye kile kitanda, magoti yakamfika karibu na kidevu, akabaki hivyo ananitazama kwa upole. Nikajaribu kuupandisha mkono, dada, nikashindwa kujua niusimamishe wapi.

Na picha uliyonitumia mwaka ule wa kwanza sinayo tena. Niliiweka dirishani, kama mama alivyokuwa akiweka za kwetu ili zipate mwanga. Lilianza gauni, likafuata tabasamu, mwisho kikabaki kiti alichokalia. Sikukwambia. Kila nikitaka kukuomba nyingine, mkono unakuwa mzito, kwa sababu ungenitumia ya msichana mkubwa. Nisipomwona anabaki wa miaka minne, bado ananisubiri pale mlangoni, bado hajazoea kutokuwepo kwangu.

Nikwambie na lile nililolificha zaidi. Katika barua yako moja uliandika kwamba Chiriku anakuita mama. Ukalikata neno kwa wino, ukaandika juu yake mama mkubwa. Ulilikata vizuri, dada, hukuacha hata herufi. Lakini niliinua karatasi juani nikalisoma. Siku ile ndiyo niliyokuandikia kwamba chumba ni kidogo. Si nyumba iliyokuwa haiko tayari. Niliogopa kumfungulia mlango mwanangu anitazame kama mgeni, na aibu hiyo nikaibebesha nyumba ya watu. Nisamehe. Umemlea, umemwuguza, na bado ukaona ulinde moyo wangu kwa kukata neno lililo haki yako.

Jibu langu ni ndiyo, aje. Lakini si mimi wala wewe wa kuamua peke yetu, muulize mwenyewe. Mweleze kwamba chumba kipo na kwamba niliogopa, usinifunike kwa lolote. Akisema anabaki darasani kwake na wenzake, mwandikishe, nami nitafunga safari nije nikae hapo mpaka anizoee. Akikubali kuja, picha usinitumie. Msimamishe ukutani, chukua uzi, mpime kutoka kisigino hadi utosini, ukate, uuweke kwenye bahasha. Seremala anausubiri.

Shemeji msalimie sana, na jirani yetu wa ng'ambo mwambie nimekumbuka kelele zake. Chiriku mwambie nasikia sasa anaongea kidogo kuliko zamani, na kwamba kwangu aongee atakavyo. Akiendelea kukuita mama, muitikie tu, dada. Tutakuwa wawili.

Ni mimi mdogo wako,
mama yake mwingine.